Mrija wa Siku Themanini na Sita

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Desemba, nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la vifaa nikihesabu mirija iliyobaki. Nilipofungua daftari langu niliona kwamba mrija namba kumi na mbili umetimiza siku themanini na tatu ndani ya mtu, na mtu mwenyewe hajarudi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye vyumba vya kamera ya kutazamia ndani ya tumbo. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, mgongo wangu bado umenyooka, na katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuwa daktari wala nesi. Nilikuwa mtu anayesimama kulia kwa daktari na kumpa kitu sahihi kabla hajakiomba. Kazi hiyo haina jina zuri. Kwenye karatasi ya mshahara niliandikwa mhudumu mpaka siku ya mwisho.

Kwa atakayesoma bila kuwa wa kazi hii, nieleze. Ini linatengeneza nyongo, na nyongo inateremka kwa njia nyembamba hadi kwenye utumbo mdogo. Kansa ya kongosho, au ya njia yenyewe, ikiikaba njia hiyo, nyongo inarudi kwenye damu. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinakuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na mwili unawasha hadi mtu anajikuna kwa chochote kilicho karibu. Wengi walitufikia kansa ikiwa haikatiki tena kwa upasuaji. Tulichoweza ni kupitisha kibomba mahali palipokabwa ili nyongo ishuke. Hicho ndicho mnachokiita stenti. Sisi tulisema mrija.

Kulikuwa na mirija ya aina mbili. Wa plastiki ni mwembamba kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu ya kawaida. Ukiziba unavutwa nje, unawekwa mwingine. Wa chuma ni wavu wa nyaya laini uliobanwa ndani ya ala, kama ya kisu. Ukifika mahali pake unavuta ala, na wavu unajifungua wenyewe hadi kuzidi unene wa penseli. Huo unadumu zaidi, lakini ile tuliyokuwa nayo sisi, ikishajifungua, nyama huishika na haitoki tena. Ndiyo maana daktari wetu hakugusa chuma kabla ya kuwa na hakika kwamba ni kansa na kwamba haikatiki. Siku hizi mna ya chuma iliyovishwa koti, mingine inatolewa ukitaka. Msituonee huruma. Tulijua tulichokuwa nacho.

Nilianza kwa kupiga deki. Miaka ile hospitali binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, maduka ya kubadilisha fedha yanafunguliwa Posta, katikati ya Dar, kila mwezi, na mtu aliyerudi kutoka nje na kamera moja iliyokwishatumika aliweza kukodi ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa na kuiita hospitali. Huyo alikuwa Daktari Vasant, Mhindu mzaliwa wa Kisutu. Alisema Kiswahili kama sisi, isipokuwa akikasirika. Akikasirika alinyamaza.

Mimi nilisoma karatasi zilizokunjwa ndani ya maboksi ya vifaa, zile ambazo kila mtu hutupa. Zilikuwa za Kiingereza. Nilinunua kamusi kwa wauza vitabu vya mitumba wa kule kule Posta, na nilipofika nyumbani Buguruni nikagundua haina kurasa za A mpaka C. Hadi leo maneno ya A mpaka C ninayajua kwa kubahatisha. Yaliyobaki ninayajua vizuri.

Halafu nilijifunza kwa papai. Bua la jani la papai lina uwazi katikati. Nililifunga uzi sehemu moja nikaukaza mpaka uwazi ukawa mdogo, kama njia iliyokabwa na uvimbe. Nikapitisha waya wa breki ya baiskeli, na juu ya waya nikasukuma mrija wa zamani uliokwishachemshwa. Daktari Vasant alinikuta nafanya hivyo chumba cha kuoshea vyombo, wakati wa chakula cha mchana. Nilidhani kazi nimeipoteza. Alisimama pale mpaka nikakwama mara tatu, ndipo akasema, "Unaposukuma mrija, mtu mwingine avute waya kidogo. Usivute wote. Na lowanisha kwanza." Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuingia. Waya mkavu unakwama, waya uliolowana unateleza. Uloweshe kabla hujaambiwa.

Daftari lilianza kwa msiba. Mama mmoja wa mitaa ya Kisutu, mteja wetu wa mwanzo kabisa, aliwekewa plastiki akapata nafuu. Kadi ya kurudi tulimpa mwanawe, na mwanawe aliificha kwa sababu nyumba nzima walikuwa wamekubaliana mama asijue ana nini. Alirudishwa siku ya mia na nne akitetemeka kwa homa, mrija umeziba, nyongo imeoza ndani. Kesho yake alifariki. Daktari alinyamaza siku mbili. Mimi nilinunua daftari la mistari nikaanza kuandika kila mrija: namba, urefu, siku ulipoingia, siku ulipotoka na kwa nini. Na kila uliotoka niliupasua kwa wembe, kwa urefu, nione uchafu umejazana wapi.

Mpaka Desemba ninayoizungumzia, mirija kumi na moja ya plastiki ilikuwa imemaliza safari. Uliowahi kuziba mapema kuliko yote ulidumu siku arobaini na moja. Uliochelewa kuliko yote ulifika mia na thelathini. Mingi ilikuwa karibu na siku ya tisini. Namba kumi na mbili ulikuwa ndani ya Mzee Temu.

Mzee Temu alikuwa Mchaga, muuza mabomba ya maji kwa jumla na rejareja Kariakoo, mtaa mmoja nyuma ya Msimbazi. Alikuja kwetu Jumanne moja ya Septemba, macho kama binzari, akijikuna mkono kwa mgongo wa kitana. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili. Aliletwa na mwanawe wa mwisho, Godlisten, kijana wa miaka thelathini hivi ambaye ndiye aliyesimamia duka. Vipimo vilikwisha kusema: kansa kichwani mwa kongosho, haikatiki.

Godlisten alimtoa daktari nje, akaniomba na mimi nisikie. Alisema Mzee asiambiwe. Ndugu wote wamekubaliana. Na sisi tuseme ni mawe kwenye nyongo. Mkimtajia kansa, alisema, mtakuwa mmemzika leo. Daktari alinyamaza, na nilijua kunyamaza kule kulikuwa kwa aina gani. Lakini hakukataa.

Tulimweleza Mzee njia tu. Kwamba tutapita mdomoni na kamera hadi utumbo unapoanzia na kuusukuma mrija kutoka chini kwenda juu. Kwamba ikishindikana tutapita ubavuni, kwa sindano ndefu kupitia ini, na huenda nyongo ikatokea nje kwenye mfuko. Kwamba iko pia njia ya kupasuliwa katika hospitali kubwa, na kupona kidonda wiki nyingi. Mzee alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei. Mwisho akauliza atawezaje kuingia kanisani na mfuko wa nyongo kiunoni. Akasema tutafute njia ya mdomoni, na tusirudi bila kuipata.

Tuliipata. Siku ya tano macho yalikuwa meupe na kitana kimerudi mfukoni. Siku ya kuruhusiwa daktari alinipa kadi iliyoandikwa tarehe ya kurudi, siku ya themanini. Nilimpa Godlisten.

Hapo ndipo penye kosa langu, na ni kosa la kwetu. Kwetu mgonjwa ni wa watu waliomleta. Risiti unampa aliyemleta, dawa unamweleza aliyemleta, na mgonjwa anakaa kwenye benchi akitazama ukuta mpaka aambiwe twende. Mkono wangu ulikwenda kwa Godlisten kabla sijafikiri, kama ulivyokwenda kwa mtoto wa yule mama wa Kisutu. Nilikuwa na daftari zima lililoanzishwa na kosa hilo, na nikalirudia.

Basi ile Jumatatu nilipiga simu dukani. Godlisten akapokea. Akasema Mzee mzima, anakula mtori wake wa ndizi, na wiki ijayo wanaenda Moshi. Mnajua Wachaga na Desemba. Kariakoo nusu ya maduka hufungwa, kila mwenye kwao hurudi kwao. Nilimwambia kuhusu kadi. Akasema wakirudi Januari atamleta, akakata simu.

Nilimweleza daktari. Alisema hawezi kumvuta mtu kwa kamba. Nikaomba saa yangu ya chakula, nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu na daftari kwapani.

Duka la Mzee Temu lilikuwa limegawanyika. Upande mmoja yalisimama mabomba ya chuma ya zamani, mazito, yenye vumbi. Upande mwingine yale ya plastiki yaliyokuwa yakiingia kwa makontena tangu milango ya biashara ifunguliwe, mepesi hivi kwamba kijana mmoja anabeba kumi begani. Vijana wa duka waliniuliza mambo, nikasema poa, wakauliza natafuta elbo au koki. Nikasema namtafuta Mzee. Godlisten akatokea nyuma, akanishika mkono taratibu na kunipeleka katikati ya mabomba.

"Dada, tulikubaliana."

"Tulikubaliana asitajiwe jina la ugonjwa," nikamwambia. "Hatukukubaliana asirudi."

"Tarehe kumi na tatu tunaondoka. Nimeshakwambia Januari."

"Tarehe saba Januari itakuwa siku ya mia na ishirini. Katika mirija kumi na moja, uliofika huko ni mmoja."

Akaanza kusema kwamba mimi si daktari. Ni kweli, na ningemwambia hivyo, lakini sauti ilitoka mezani kule mbele.

"Godi, huyo si yule binti wa hospitali? Mbona unamficha kwenye mabomba kama mali ya magendo?"

Nikaenda. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akavuta kigoda kwa mguu nikae. Macho yake yalikuwa bado meupe, na hilo lilinipa nguvu. Aliniuliza nimekuja kununua au kudai. Nikasema nimekuja kuhesabu.

Nikamsomea. Kibomba alichonacho ni cha plastiki. Vibomba vya namna yake huziba, vingi karibu na siku ya tisini, na leo ni ya themanini na tatu. Kikiziba akiwa mbali, kitaleta homa ya kutetemeka, na homa hiyo haisubiri basi. Sikutaja ugonjwa wowote. Mzee alichomoa kalamu mfukoni, akaifungua, akatoa mrija wa wino, akauinua kwenye mwanga.

"Unene huu?"

"Huo huo."

"Na mnapitisha kitu kizito kama nyongo humu." Alitikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi mbaya ya mwenzake. Halafu akauliza kama yale mawe hayakutoka.

Godlisten alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimtazama, akatazama chini. Nikajibu kwamba habari za mawe amuulize daktari. Mimi ni wa mabomba tu.

"Na mimi ni wa mabomba," Mzee akasema. "Basi tutaelewana. Hamna kingine?"

Nikamwambia habari za chuma: unene wake, kudumu kwake, kwamba hautoki, na kwamba upo mmoja tu kabatini, umeagizwa kwa dola. Bei yake ilimfanya kijana mmoja aliyekuwa akifagia asimame. Mzee hakusimama wala hakushangaa. Alirudisha mrija wa wino ndani ya kalamu, akaikaza.

"Mteja akiingia hapa kuna swali namuuliza kabla sijamuuzia. Nyumba ni ya kupanga au ni yako? Wa kupanga nampa plastiki, aliyejenga nampa chuma. Wewe umenieleza mabomba yote mawili vizuri sana, ila hilo swali umelikwepa." Akanitazama. "Mimi ni mpangaji wa muda gani?"

Vijana, kwenye mafunzo yenu mtapewa majedwali ya kulinganisha mirija. Mtayasoma na mtafaulu. Lakini Mzee Temu alikuwa amelifikia jedwali lote bila kulisoma. Kuchagua kati ya plastiki na chuma ni kuuliza mtu amebakiwa na muda gani, na huwezi kumchagulia vizuri mtu ambaye swali hilo umemficha. Nilimjibu kwamba sijui, daktari anajua kuliko mimi, na hata yeye hajui tarehe. Lakini ni swali la haki na aliulize mwenyewe.

Mzee aliirudisha kalamu mfukoni. Kisha akasema, bila kugeuka, "Godlisten, lete koti langu." Hakumgombeza. Kumgombeza kungekuwa rahisi zaidi kwa Godlisten, nilimwona.

Kesho yake, Jumanne, Mzee alikaa mbele ya daktari, mwanawe pembeni, mimi mlangoni na daftari. Alimwomba daktari amwambie kama anavyomwambia mfanyabiashara mwenzake. Daktari Vasant akamwambia. Alilitaja jina la ugonjwa mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Akasema miezi minne, mitano, labda sita. Wengine hupita hapo, wengine hawafiki.

Mzee alitoa leso akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Ndipo akatueleza kwa nini Desemba. Ana watoto wa kiume watatu. Wawili wakubwa hawasemeshani mwaka wa nne kwa sababu ya mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa la nyumbani kwao Kibosho. Alikuwa ameahidi kwamba Krismasi hii atautembea mpaka kwa miguu yake, wote watatu nyuma yake, na kupanda masale kwa mkono wake. Sale ni mmea wa Wachaga wa mpaka na wa suluhu. Likipandwa na baba mbele ya wanawe, hakuna wa kuling'oa. Likipandwa na mwingine, ni jani tu. "Nikifa kabla," akasema, "watapelekana mahakamani mpaka wajukuu wangu wazeeke. Na nikishamaliza sirudi tena huku. Nitakaa huko huko."

Daktari akanigeukia akasema nisome bei.

Nikasoma. Mrija wa plastiki shilingi elfu arobaini. Wa chuma laki sita na sitini elfu. Kazi ya kuuweka, wowote ule, laki moja na nusu kila mara. Nauli ya Moshi kuja na kurudi, Mzee na wa kumsindikiza, elfu arobaini kila safari ya kubadilisha. Nikasema wazi kwamba kwa pesa tupu plastiki inashinda mpaka mgonjwa afikie mrija wa nne. Hapo ndipo chuma kinaanza kulipa, na hapo ni baada ya miezi tisa.

Godlisten alikuwa mfanyabiashara mzuri. Alilikamata mara moja. Akasema basi wabadilishe plastiki sasa, Mzee aende Krismasi, Machi atamleta mwenyewe, atambeba ikibidi. Haikuwa hoja mbaya. Daktari alikubali kwamba si mbaya, na kwa mgonjwa mwenye wiki chache angeichagua yeye mwenyewe.

Mzee akaniuliza ule uliowahi kuziba mapema kuliko yote ulikuwa wa siku ngapi. Arobaini na moja, nikasema, na ni mmoja kati ya kumi na moja. Akauliza siku ya arobaini na moja, akibadilishiwa wiki hii, itaangukia lini. Katikati ya Januari. Huko alikokuwa anakwenda, daktari hakumjua mtu mwenye kamera ya namna yetu wakati ule.

"Na chuma hakizibi?"

"Kinaziba," daktari akasema. "Kansa inaweza kuota kupitia matundu ya wavu. Huchelewa, kwa kawaida. Siwezi kukuahidi."

"Sitaki kuahidiwa. Sitaki kitu cha kunirudisha Kariakoo." Akamgeukia mwanawe. "Machi huji kunichukua. Machi mnapalilia kahawa, ninyi watatu."

Godlisten alisema kwamba hiyo ni hasara. Mzee akakubali kwamba huenda ni hasara. Halafu akaninyooshea kidole cha mkono ule aliokuwa akiukuna mwezi Septemba. Akasema nisimpigie hesabu sasa, maana hesabu ya bomba hupigwa likishatoka kazini. Mwisho ukifika niipige, nimwambie Godlisten, na nisipunguze.

Alhamisi tuliifanya. Siku ya themanini na sita. Niwaambie jambo la mkono, kwa sababu hili halimo kwenye karatasi za boksi, au limo kwenye herufi A mpaka C. Mrija wa chuma unapojifungua unafupika. Ukivuta ala kwa haraka, wavu unaruka mbele na kukaa juu ya uvimbe badala ya kukaa katikati yake. Nami nilikuwa navuta ala ya mrija pekee uliokuwepo, na mwingine ungechukua wiki sita kufika.

Daktari alivuta plastiki ya zamani nje kwanza, akapitisha waya, mimi nikaulowesha bila kuambiwa. Kwenye kioo cha eksirei nyaya za chuma zilionekana kama uzi wa buibui. Nikakiegemeza kiwiko changu mbavuni ili kisitikisike, nikavuta ala upana wa ukucha, nikasimama. Daktari akarudisha nyuma kidogo. Nikavuta upana wa ukucha tena. Ukucha, simama, ukucha, simama, kama nilivyofanya kwa papai. Ulipobaki mwisho, daktari akasema, "Sasa." Nyongo nyeusi ikamwagika kwenye utumbo kama sufuria ya chai iliyopinduka, na mimi ndipo nikasikia mkono wangu umekufa ganzi hadi begani.

Baadaye niliupasua ule wa plastiki kwa wembe na kuuweka juu ya karatasi nyeupe. Tope la kahawia lilikuwa limeujaza. Nafasi iliyobaki ingepitisha uzi wa kushonea, na si uzi mnene. Nilimwita Godlisten aje aone. Aliinama akautazama kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "huu ungetuzibia Same, njiani kwenda Moshi."

Nilichukua kadi mpya, nikaandika kwa herufi kubwa dalili zote za kuangalia, homa, macho, mkojo, nikapita mbele yake na kumpa Mzee mkononi. Tangu siku hiyo, katika miaka yangu yote iliyofuata, sikumpa ndugu kadi ya mgonjwa mwenye macho ya kusoma. Nimegombezwa, nimeitwa sina adabu, shemeji mmoja wa mgonjwa aliwahi kunichania kadi usoni. Niliandika nyingine. Mnaweza kunyamazia jina la ugonjwa kama nyumba imeomba na mgonjwa hajauliza; hilo ni la daktari na dhamiri yake. Siku ya kurudi si siri ya nyumba. Mrija uko ndani ya mwenyewe.

Mengine niliyapata kwa Godlisten. Januari alipita hospitali na mkungu wa ndizi, akaniambia Mzee aliutembea mpaka siku mbili baada ya Krismasi, tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Alipumzika mara tatu kwenye kigoda. Mara ya kwanza kigoda alikibeba mwanawe mkubwa. Mara ya pili alikibeba wa kati. Mara ya tatu walikishika wote wawili kila mmoja mguu wake, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake akibebe. Mzee aliwaona, akacheka mpaka akakaa chini kabla kigoda hakijafika. Alipanda masale kumi na tisa.

Alifariki wiki ya mwisho ya Aprili, kwenye mvua, kitandani kwake, siku ya mia na arobaini na tatu ya chuma. Macho yake yalikuwa meupe. Nililiuliza hilo kwanza, na Godlisten hakushangaa.

Alikuja mwezi Mei akiwa bado amenyoa kichwa kwa msiba. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamera mpaka nikamaliza kuosha. Akasema Mzee alimwagiza aje, kwamba kuna hesabu nilipewa niipige na hakuna ruhusa ya kupunguza. Nilikuwa nimeipiga siku niliyosikia msiba. Nilifungua daftari, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Chuma na kazi yake, laki nane na kumi elfu. Kama angetumia plastiki kwa siku zile zile angehitaji miwili, mmoja Desemba na mwingine Machi, pamoja na safari moja ya kurudi Dar: laki nne na ishirini elfu. Aliifuata kwa kidole, midomo ikitembea, kama anavyohakiki ankara ya bandarini.

"Kwa hiyo Mzee alipata hasara," akasema.

"Alipata," nikamwambia. "Shilingi laki tatu na tisini elfu."